Waliotoka Kabla ya Kupona

Richardson, Texas
9 Februari 2025

Shangazi Dorothea,

Shikamoo. Nakuandikia mezani kwangu ofisini, Jumapili, jengo zima likiwa tupu. Ningeweza kupiga simu, lakini wewe kwenye simu husema "sisi wazima" na kukata. Kwenye karatasi unasema yote. Ndivyo ilivyokuwa tangu nilipokuwa seminari ukinitumia barua kila mwezi pamoja na sabuni.

Nyumbani Carrollton tuko salama. Abigail anakusalimu. Prudensia wetu ametimiza miaka minane na atapokea komunyo ya kwanza Jumapili ya tarehe 4 Mei. Anakutaka uwepo. Amesema mwenyewe, kwa Kiingereza, lakini amesema.

Nina jambo la kukuuliza kama muuguzi. Nimepewa kazi ya takwimu za wagonjwa waliovunjika nyonga na kufanyiwa upasuaji, katika hospitali kadhaa za hapa na za huko Houston. Swali langu ni moja: mgonjwa huchukua siku ngapi mpaka atembee bila kushika kitu? Njia tunayotumia ilibuniwa kuhesabu watu wanaishi muda gani kabla ya kufa, na bado ina jina hilo la kuishi. Mimi naitumia kuhesabu kupona. Nachora mstari unaoanzia juu, ambapo wote bado wamelala, na kila mmoja anapotembea mstari unashuka ngazi moja.

Wanaonisumbua ni wanaopotea. Mtu yupo siku ya kumi, yupo siku ya ishirini, kisha haji tena kliniki wala hapokei simu. Karibu robo yao wako hivyo. Siwaelewi. Wametibiwa vizuri, wamebakiza kidogo, wanatoweka.

Wodi Namba Tatu kule nyumbani mlikuwa mnawaweka siku ngapi wale wa kuning'inizwa miguu? Nakumbuka kamba na matofali, na harufu ya dettol. Mengine nimesahau.

Mwanao,
Kalisti


Sharpstown, Houston
23 Februari 2025

Mwanangu Kalisti,

Marahaba. Barua yako imefika Alhamisi. Mado, yule jirani Mkongomani wa chini, ndiye aliyeniletea kutoka kwenye sanduku. Mwandiko wangu umelala, unisamehe. Naandikia kitandani kwa sababu mafua yamenishika.

Wodi Namba Tatu tulikuwa na vitanda kumi na vinne. Mtu mzima aliyevunjika paja alining'inizwa wiki sita mpaka nane, matofali mawili kwa mwembamba, matatu kwa mnene. Tulikuwa tunayapima kwenye mizani ya kahawa ya chama cha ushirika. Mizani ya hospitali ilikuwa ya watoto tu.

Kupona hatukukuhesabu kwa siku. Tulikuhesabu kwa mahali. Kwanza kukaa ukingoni mwa kitanda. Pili barazani. Tatu kufika kibanda cha jiko na kuchukua uji wako mwenyewe. Aliyerudi na kikombe kimejaa, tulimwambia atume habari kwao waje kumchukua. Unamkumbuka fundi cherehani aliyekuwa anawashonea wenzake akiwa ameinuliwa mguu? Huyo alikwenda jikoni na kurudi na vikombe viwili, kimoja cha kwangu. Masista walimpigia makofi. Wakati wa senene madirisha yalikuwa wazi, wagonjwa wakiwakamata panzi hao kutoka vitandani na kuwanyonyoa mabawa juu ya shuka, nami nikijifanya sioni.

Hao wanaokupotea usiwaite watu wa ajabu. Simu inalia, namba huijui, kijana anasoma maswali kwenye karatasi kama anasoma tangazo: unaweza kupanda ngazi, unaweza kuvaa soksi. Ukijibu hapana mara nne hutaki kusikia swali la tano. Na asikudanganye mtu kwamba siku ngumu ni ya kwanza. Ngumu ni ya tisa, wanapokupandisha vile vidaraja vitatu vya mbao visivyokwenda popote. Unapanda, unashuka, umebaki palepale.

Komunyo ya Prudensia usiniwekee nafasi. Safari ni ndefu. Nitamwombea nikiwa huku.

Shangazi yako,
Dorothea


Richardson, Texas
16 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma kwenye treni nikapitiliza kituo. Fundi cherehani nilikuwa nimemsahau kabisa, na sasa namwona mpaka kofia yake.

Umenisaidia kuliko unavyojua. Nimewaambia wenzangu kazini kuhusu kibanda cha jiko, wakacheka, kisha mmoja akauliza kwa nini sisi tunapima hatua kumi kwenye ukumbi wa hospitali na hatupimi kama mtu anaweza kujipatia chai. Na hao waliopotea hatuwatupi. Tunamhesabu kila mmoja mpaka siku ya mwisho alipoonekana. Kama alionekana siku ya ishirini hajapona bado, tunajua hilo kwa hakika, na tunaliandika. Baada ya hapo tunanyamaza.

Sasa nikuulize jambo jingine, nawe usikasirike. Safari ni ndefu tangu lini? Mwaka juzi ulikuja kwa basi peke yako, umebeba ndizi. Nadhani ni maneno ya Krismasi, siku Abigail alipokuambia usimpe mtoto punje za kahawa za kutafuna. Alisema kwa haraka, mbele ya wageni. Nilipaswa kusema kitu. Ameniomba nikuambie kwamba amejuta. Lakini mtoto hana kosa, Shangazi, na komunyo ya kwanza ni moja tu. Sina mama, sina baba. Upande wangu wa kanisa atakaa nani?

Kalisti


Sharpstown, Houston
2 Aprili 2025

Kaka Kalisti,

Mimi si mtu wa barua, unajua. Nimekupigia mara tatu nikakata kabla hujapokea. Kusema kwa mdomo nimeshindwa, kwa hiyo naandika.

Mama alianguka bafuni tarehe 18 Januari. Nyonga ya kulia ilivunjika. Walimfanyia operesheni kesho yake, baadaye akapelekwa kituo cha mazoezi. Alitakiwa akae wiki sita. Siku ya ishirini na nne aliniambia, "Nipeleke nyumbani au nampigia Mado." Nikamleta. Tangu hapo hajarudi kliniki hata mara moja. Wakipiga simu anaiweka chini ya mto. Anatembea na walker, ile fremu ya kushikilia, kutoka chumbani mpaka sebuleni, basi.

Alinikataza nisikuambie. Nikamwambia, mama, hiyo ndiyo kazi ya Kalisti, si angesaidia? Akasema, "Ameshamwona mmoja wa damu hii kitandani. Wa pili hatamwona." Barua yako ya juzi, ile ya kuhusu Abigail, ameisoma na kulia, na mama yangu sijawahi kumwona analia.

Kuna na hili. Anataka kurudi Tanzania Desemba, moja kwa moja. Nimemwambia hapandi ndege mpaka atembee mwenyewe. Tafadhali njoo, na ukija uwe upande wangu.

Glory


Sharpstown, Houston
25 Aprili 2025

Mwanangu,

Nashukuru kwa kuja Pasaka. Nashukuru kwa Abigail kupika, na kwa Prudensia kukaa miguuni pangu akiisukuma fremu yangu kama gari. Aliniuliza, "Does it hurt, Bibi?" Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba inauma asubuhi tu. Alielewa, maana asubuhi ya pili alikuja kuuliza tena.

Ulikasirika kwamba nilikuficha. Uliosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi. Kisha ulipokuwa unaaga nikakuuliza, "Kalisti, nitatembea?" Ukasema, "Utatembea, Shangazi. Kabla ya Krismasi." Ulisema ukiangalia dirishani.

Sauti hiyo naijua. Ni yangu. Niliitumia miaka thelathini na moja.

Wacha niseme jambo ambalo nilipaswa kulisema zamani. Baba yako alipoanguka kutoka kwenye paa la ghala, aliletwa wodini kwangu. Ulikuwa na miaka tisa. Kila ulipotoka shule ulikuja kukaa karibu na kitanda chake, na kila siku uliniuliza. Nikakuambia atatembea kabla ya Pasaka. Mwanangu, picha ya eksirei niliiona siku ya tatu. Uti wa mgongo ulikuwa umekatika. Daktari aliniambia kwa Kiingereza, nami nikatoka nje nikaja kukuambia Pasaka. Nilidhani nakupa kitu cha kushika. Pasaka ilipofika ulikuja umevaa shati jeupe, ukasimama mlangoni, ukatazama kitanda, ukaondoka bila kunisalimia. Hukuniuliza tena. Miaka miwili aliyoishi baada ya hapo hukuniuliza hata mara moja.

Nimekaa na picha hiyo ya mlangoni mpaka leo. Ndiyo maana nilikuficha nyonga yangu. Niliogopa utakuja usimame mlangoni tena.

Sasa nakuomba wewe mwenye hesabu. Nina miaka sabini na moja. Glory anasema nisubiri mpaka nitembee mwenyewe ndipo nirudi kwetu. Nisiposhika fremu naanguka. Nisubiri? Ninachokisubiri kipo? Usiniambie ukiangalia dirishani. Andika.

Dorothea


Richardson, Texas
20 Julai 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nimechelewa miezi karibu mitatu. Mwezi mmoja nilikuwa nangojea takwimu zikamilike. Miezi miwili iliyobaki nilikuwa naogopa.

Kwanza, vidaraja vya mbao visivyokwenda popote. Wodi Namba Tatu hatukuwa na vidaraja vya mbao. Uliniandikia mwezi wa pili, waziwazi, nami nikasoma kama hadithi ya zamani. Mtu anayesoma takwimu za wagonjwa kutwa nzima alipaswa kuona.

Pili, baba. Sikukuchukia. Nataka ulijue hilo kabla ya mengine. Nilikuwa nahesabu Jumapili, nilikuwa nimeziandika nyuma ya daftari la hesabu, na Jumapili ya Pasaka nilivaa shati mapema kwa sababu nilitaka kumshika mkono akishuka ngazi za baraza. Nilipomwona amelala nilielewa kwamba kila mtu wodini alikuwa anajua isipokuwa mimi. Hata yule fundi cherehani alinitazama kwa huruma. Aibu ile ndiyo iliyonifunga mdomo. Miaka yote hii watu wananiuliza kwa nini nilichagua kazi hii, nami nasema napenda hesabu. Ukweli ni kwamba nilitaka siku moja mtu akiuliza "lini", awepo mmoja wa kumjibu.

Halafu wewe ukaniuliza, nami nikakujibu "Krismasi".

Kwa hiyo soma hapa. Kati ya wanawake mia moja waliopita miaka sabini, ambao miezi sita baada ya upasuaji walikuwa bado wanashika fremu, tisa waliiacha kabla ya mwaka kwisha. Tisini na mmoja hawakuiacha. Mwezi huu ni wa sita kwako. Mstari wangu, ambao mwanzoni unashuka haraka, hapo umekuwa sakafu. Waliofanya mazoezi kila siku walikuwa na nafasi nzuri zaidi kidogo. Walioacha, ndogo zaidi. Siwezi kukuambia wewe ni nani kati ya mia. Hakuna hesabu ya mtu mmoja. Lakini kama unaniuliza ungoje au usingoje, jibu langu ni kwamba unachokisubiri, kwa uwezekano mkubwa, hakiji.

Nimeandika sentensi hiyo mara nne. Hii ndiyo iliyobaki.

Jambo la mwisho. Kwenye jedwali langu majina hayapo, ni umri na siku tu. Kuna mwanamke wa miaka sabini na moja, Houston, alionekana mara ya mwisho siku ya ishirini na nne. Inawezekana si wewe. Sikuuliza, wala siruhusiwi kuuliza. Lakini kila ninapofika hapo nausoma umri wake na siku yake mara ya pili.

Mwanao,
Kalisti


Sharpstown, Houston
17 Agosti 2025

Mwanangu Kalisti,

Marahaba. Niliisoma barua yako nikiwa nimekaa, kisha nikaisoma nikiwa nimesimama nimeshika fremu, kuona kama inasema kitu kingine. Inasema kilekile. Nikalala mchana mzima, usingizi mzuri ambao sikuupata tangu Januari. Saa kumi na moja jioni niliamka na kumwambia Glory, "Kata tiketi."

Glory alikasirika. Amekukasirikia wewe zaidi. Alisema, "Nilimwandikia awe upande wangu." Nikamwambia, hayuko upande wa mtu. Akasema, "Mama, hapa kuna hospitali kila kona. Kule ukianguka?" Nikamwambia, "Hapa nilianguka hatua sita kutoka kwenye simu." Mado alikuwepo, anakaanga sambusa, akazima jiko. Akamwambia Glory polepole, kwa Kiswahili chake, kwamba mama yake mwenyewe alibaki Uvira, na yeye Mado hakuwahi kuulizwa kama anamruhusu abaki. Kesho yake asubuhi Glory alinikuta nafanya mazoezi ya miguu, akakaa sakafuni, akanishikia kisigino. Akauliza, "Ndege ya asubuhi au ya jioni?"

Kwetu nimeshamwandikia Flaviana. Unamkumbuka, muuguzi wa zamu ya mchana, mrefu. Amestaafu na anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Amejibu kwamba ameleta fundi, amebomoa kizingiti cha mlango wa mbele ili fremu ipite, na amekuta chini yake sarafu za enzi za mkoloni. Anasema vilevile migomba imezeeka kuliko mimi. Nitakaa barazani kwangu nimtukane anayepita bila kusalimia. Ndilo ninalolitaka. Nilikuwa nalisubirisha kwa ajili ya mguu ambao haurudi.

Na nimekwenda kliniki. Wiki iliyopita simu ililia, namba ile, nikapokea. Nikamwambia yule kijana, "Nakuja mwenyewe, utaniuliza ana kwa ana." Mado alinipeleka. Joto la kuyeyusha lami. Alikuwa msichana safari hii, jina lake Jackie, ana kalamu yenye manyoya. Akaniuliza, unaweza kupanda ngazi? Nikasema nikishikiliwa. Unaweza kuvaa soksi? Sivai soksi. Unatembea bila msaada? Akaniangalia kwa huruma, akaanza kusema kwamba si lazima nijibu. Nikamwambia, andika hapana. Andika na tarehe.

Shangazi yako,
Dorothea


Richardson, Texas
8 Desemba 2025

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii itakukuta kwako, kama posta ya Muleba bado inafanya kazi Jumatano. Flaviana ametuma ujumbe kwamba ulifika, ulikula, na umekataa kulala.

Utafiti tumeuwasilisha. Tumeongeza swali moja kwenye fomu mpya: "Unaweza kujipatia chai?" Wakubwa walibisha, kisha wakakubali. Hatutajua linasaidia kiasi gani mpaka ipite miaka miwili.

Nataka kukuandikia kuhusu Jumamosi, maana wewe ulikwenda na sisi tukabaki. Yule kijana wa uwanja wa ndege alipoanza kukisukuma kiti chako, ulikuwa unamweleza jinsi ya kupinda kona. Ulipita ukaguzi ukiendelea kumweleza. Hukugeuka. Prudensia alinyanyua mkono na kuushusha. Abigail alimchukua kwenda kumnunulia maji, mimi na Glory tukashuka kwenye maegesho.

Tulikaa ndani ya gari lake bila kuwasha injini. Fremu yako ya zamani, ile ya hospitali, ilikuwa kiti cha nyuma, imekunjwa. Glory akaweka mikono kwenye usukani. Akasema, "Nataka kukuuliza, na usinipe namba."

Nikamwambia aulize.

"Atarudi?"

Nikasema, "Hapana."

Alilia kwa muda, nami nikamshika bega. Hakuniuliza nimejuaje. Baadaye akapangusa uso kwa khanga uliyomwachia, akawasha gari, akasema ana njaa, na kwamba Mado ametupikia. Tukaenda, tukala wote kwenye meza yako, Prudensia kwenye kiti chako. Tulikuzungumzia mpaka chakula kikapoa.

Niandikie. Niambie umefika wapi: kitandani, barazani, au jikoni kwa Flaviana.

Mwanao,
Kalisti